Moto Uliosogezwa Ukutani

Sisi tuliolelewa na mafiga tuna tabia moja ambayo hatuigundui mpaka siku tunapokabidhiwa hita: tunataka moto ukae katikati. Mafiga matatu, chungu juu yake, watu wamezunguka. Mwenye baridi anasogea, aliyeshiba joto anarudi nyuma. Hata jiko la mkaa linaloingizwa ndani usiku wa kipupwe kule Makete au Lushoto huwekwa hapohapo, katikati ya chumba, jirani na miguu ya kitanda. (Na tumeshazisikia mara nyingi habari za familia iliyofunga madirisha, ikalala na jiko, isiamke. Hewa ya mkaa haina harufu wala haibishi hodi.) Kwetu moto na mkusanyiko wa watu havitengani.

Hita ya sketingi haitaki mkusanyiko. Ni boksi la bati, refu na jembamba, kimo chake hakifiki gotini, linalolala chini likifuata ukuta, palepale fundi vigae anapopiga sketingi. Halina mwali, halina mwanga, na zile za asili hazina hata feni. Chumba kikinyamaza utasikia bati likialika kidogo kidogo linapotanuka. Ndani yake kuna waya wa joto uliovishwa mapezi ya alumini. Hewa baridi inaingilia chini, inapata moto, inakuwa nyepesi, inatokea juu na kupanda ukutani. Basi. Na fundi anayeijua kazi yake atakuwekea hita hiyo chini ya dirisha, mbali na kiti chako, mbali na kitanda, mahali ambapo mtu mwenye akili ya jikoni hawezi kuweka moto.

Sababu iko kwenye kioo. Usiku wa baridi, hewa inayogusa kioo inapoa, inakuwa nzito, inateremka na kutandaa sakafuni. Ndiyo ile baridi unayoisikia vifundoni hata madirisha yakiwa yamefungwa. Hita ikikaa chini ya dirisha inaidaka hewa hiyo kabla haijakufikia na kuirudisha juu. Québec, ambako umeme wa maji ni rahisi na majira ya baridi ni makali, nyumba nyingi zina hita za namna hii, na Wakongo na Warundi waliohamia Montréal wanazikuta zimeshafungwa ukutani. Hakuna anayewauliza wanazitaka wapi. Kanuni inayotoka humo ni kwamba hita haifuati watu, inafuata njia ya baridi. Niliiamini kanuni hiyo bila shaka yoyote mpaka nilipoisikia ikibishaniwa Guangzhou.

Ukiitazama kwenye ramani, Guangzhou si mji wa baridi. Mstari wa Tropiki ya Kansa unapita Conghua, wilaya ya kaskazini ya mji huohuo, na wamejenga mnara wa kuuonyesha. Wastani wa joto la Januari ni nyuzi 13 au 14 hivi. Mtu wa Makete akisikia hayo anacheka, na ana haki ya kucheka mpaka atakapolala huko. Taabu ya Guangzhou ni kwamba baridi ya nje ndiyo hiyohiyo ya ndani. Nyuzi 8 barabarani, nyuzi 9 mezani. Watu wanakula wamevaa makoti. Shuka ina unyevu, taulo ya jana haijakauka, na vigae vya sakafu vinanyonya joto la nyayo hata ukiwa na soksi mbili.

Hali hiyo ina historia yake. Miaka ya 1950, China ilipoanza kujenga mitambo ya kupasha nyumba joto kwa mabomba, uwezo haukutosha kuihudumia nchi nzima. Mpaka uliotumika ulikuwa ukijulikana tayari kwa wanajiografia: milima ya Qinling na mto Huai, mstari ambao Zhang Xiangwen aliuandika mwaka 1908 akitenganisha kaskazini na kusini. Aliyeko kaskazini yake anapashiwa nyumba. Beijing mabomba hufunguliwa katikati ya Novemba na kufungwa katikati ya Machi. Aliyeko kusini avae sweta. Guangzhou iko kusini kabisa, mbali na mstari wenyewe, kwa hiyo nyumba zake zilijengwa kwa hofu ya joto peke yake: kuta nyembamba, kioo cha tabaka moja, vigae kila mahali, madirisha yasiyobana sawasawa. Januari 24, 2016, chembe za barafu zilipoanguka mjini, watu walitoka nje na simu zao kupiga picha kitu ambacho wengi hawakuwahi kukiona maishani.

Lakini tusiwaonee wivu haraka wale wa kaskazini. Mwaka 2013 watafiti wanne, Yuyu Chen, Avraham Ebenstein, Michael Greenstone na Hongbin Li, waliutumia mstari huohuo wa mto Huai kupima madhara ya moshi wa makaa ya mawe yaliyochomwa bila kipimo upande wa kaskazini. Walikadiria kwamba uchafuzi huo uliwapunguzia watu wa huko miaka 5.5 ya kuishi. Hesabu mpya ya mwaka 2017 ilishusha makadirio hayo hadi miaka 3.1. Hata hiyo ni bei kubwa kwa chumba chenye joto.

Kinachonichekesha huko Guangzhou ni kwamba hita zenyewe zinatoka mlango wa pili. Mkoa wa Guangdong ni miongoni mwa vitovu vikubwa duniani vya kutengeneza vyombo vya umeme vya nyumbani. Midea ilizaliwa Shunde, upande wa Foshan, na tangu Mei 2022 treni ya chini ya ardhi ya Guangzhou, njia namba 7, inafika huko. Kituo cha mwisho kinaitwa Meidi Dadao, yaani barabara ya Midea. Mfanyabiashara wa Kariakoo anaweza kupanda treni hiyo asubuhi akaenda kukagua feni, majiko ya umeme na birika za kupeleka Dar es Salaam, jioni akarudi kwenye chumba ambacho hakina kitu cha kumpasha joto ila chai ya tangawizi.

Wengi wetu hatukutani na baridi hiyo. Maonyesho makubwa ya biashara ya Guangzhou, yanayofanyika tangu mwaka 1957, huanza katikati ya Aprili na katikati ya Oktoba, na misafara yetu hufuata tarehe hizo. Wanaoiona Januari ni wale waliobaki: mawakala wa kusafirisha mizigo, wanafunzi, waliooa huko, walioshindwa kupata nauli. Ukifika Mwaka Mpya wa Kichina viwanda vinafungwa, maduka yanateremsha milango, mji unapungua watu, na wao wanakaa vyumbani Xiaobei au Sanyuanli wakisubiri mzigo utoke kiwandani.

Jamaa yangu mmoja alikuwa katika kundi hilo. Alikodi chumba kilichozama nusu ardhini, chini ya jengo la zamani, kwenye mteremko si mbali na Xiaobei, akataka kukifanya ofisi na stoo. Nilikiona katikati ya ukarabati. Ukuta wa nyuma umeegemea mlima mpaka usawa wa kifua. Mbele kuna dirisha fupi, refu kwa mapana, lililo sawa na njia ya waenda kwa miguu. Ukikaa mezani unaona ndala, magurudumu ya mikokoteni na visigino vya viatu vya akina dada vikipita. Vigae vipya vilikuwa vimelazwa nusu. Kwenye plasta ya ukuta wa nyuma, usawa wa goti, kulikuwa na ukanda wa unga mweupe kama uliopulizwa kwa mdomo. Ni chumvi. Maji ya ardhini hupanda ndani ya tofali, yakifika juu hukauka, na chumvi iliyokuwemo hubaki nje.

Hita ilikuwa bado kwenye boksi lake, na ubishi ulikuwa umeshaanza. Aliyekuwa akivuta nyaya alikuwa kijana wa Mbeya, aliyejifunza umeme Kariakoo kabla hajawa mtu wa kufunga makontena.

“Bosi, hii inakaa chini ya dirisha.”

“Dirishani anakaa nani, kaka? Mimi nakaa hapa mezani.”

Kijana akaeleza habari ya kioo na hewa nzito, vizuri kuliko nilivyoieleza mimi hapo juu. Bosi akamsikiliza, akaikokota meza kwa mguu hadi karibu na dirisha, akasema basi wote wawili wameshinda. Ndipo mama mmoja wa Kizanzibari, muuza vitambaa aliyekaa Guangzhou kuliko sisi sote na ambaye alikuja kuangalia kama atapewa pembe ya kuhifadhi mabelo yake, alipokwenda kwenye ukuta wa nyuma, akaugusa kwa mgongo wa mkono kama anayempima mtoto homa.

“Wanangu, nyinyi mnahangaika na Januari. Ngojeni Machi.”

Nimeyafikiri maneno hayo sana, kwa kuwa yanapindua kanuni nzima. Udongo ni mzito wa kubadilika. Guangzhou, ambako wastani wa joto kwa mwaka mzima ni nyuzi 22 hivi, ardhi ya ndani haijui habari za wiki moja ya upepo wa kaskazini. Hewa ya nje ikishuka hadi nyuzi 7, ukuta uliozikwa bado unashikilia joto la vuli iliyopita. Maana yake ni kwamba katikati ya Januari chumba kilichozama kina nafuu kuliko chumba cha ghorofa ya sita. Baridi inaingilia dirishani, na kijana wa Mbeya yuko sahihi. Lakini udongo unaochelewa kupoa huchelewa pia kupata joto. Ukuta unafikia ubaridi wake wa mwisho wakati nje watu wameshaanza kuvua masweta.

Na hapo ndipo upepo unapogeuka. Mtu wa pwani hahitaji kufundishwa jambo hili; anajua kaskazi ikikoma kuna siku za mashaka kabla kusi haijashika. Guangzhou, kati ya Februari na Aprili, upepo mkavu wa kaskazini unalegea na hewa ya uvuguvugu inapanda kutoka Bahari ya Kusini ya China, imelowa. Wenyeji wanazijua siku hizo kwa jina la huinantian na wanazichukia. Hewa hiyo ikikuta ukuta wa baridi inaacha maji yake hapo. Kuta zinatoka jasho, vioo vinachuruzika, ngazi za majengo zinateleza kama zimepigwa deki, viatu vya ngozi vinaota ukungu wa kijani ndani ya kabati.

Nifanye hesabu kidogo, kwa kuwa bila hesabu mtu hudhani ni maneno ya kutisha. Chumba cha mita 4 kwa 4, urefu mita 2.5, kina mita za ujazo 40. Hewa ya nyuzi 22 yenye unyevu wa asilimia 95 inabeba gramu 18 hivi za maji katika kila mita ya ujazo. Ikipozwa na ukuta hadi nyuzi 17 haiwezi kubeba zaidi ya 14 na nusu. Tofauti ni karibu gramu 4. Zidisha kwa 40, unapata gramu 160. Hiyo ni glasi ya chai, inayomwagwa kwenye kuta na sakafu kila hewa ya chumba inapobadilishwa na ya nje. Sasa fungua dirisha ili “chumba kipate hewa,” kama tunavyofanya kwetu kila kitu kikinuka ukungu, na uone utakuwa umemwaga glasi ngapi mpaka magharibi.

Kwa hiyo Machi baridi haiingilii popote. Iko ndani tayari, kwenye ukuta wenyewe, na kinachoingia dirishani ni joto lenye maji. Hita iliyo chini ya dirisha wakati huo inapasha kitu kisichohitaji kupashwa. Ilipaswa kulala kando ya ukuta wa mlima, iupandishe joto polepole mpaka uvuke ile nukta ambayo juu yake umande hauwezi kushika. Umbo lake linaifaa kazi hiyo kuliko hita nyingine yoyote, maana tabaka la hewa ya moto linalotoka juu yake linapanda likiwa limeugusa ukuta. Chumba kimoja, hita moja, na mahali pake panahama kufuata upepo.

Jamaa yangu alikuwa amekusudia kuufunika ukuta huo kwa gipsam, upigwe rangi nyeupe, ukanda wa chumvi usahaulike. Mama akamwambia habari za Mji Mkongwe: kuta za mawe ya matumbawe zilizopigwa chokaa hunywa maji na kuyatoa, na zikipigwa saruji juu yake maji hukosa pa kutokea, plasta inavimba na kubanduka. Gipsam mbele ya ukuta unaotoka jasho ni kosa la jamii hiyohiyo. Weka hita mbele yake na utaukausha uso wa gipsam tu. Nyuma yake ukungu unaendelea kustawi gizani, na utaunusa kabla hujauona. Hapo nakubaliana na mama moja kwa moja. Ukuta wa namna ile uachwe wazi, kabati na katoni zisogezwe mbele kiasi cha mkono kupita, hewa itembee.

Lipo pia suala la soketi, ambalo katika vyumba hivi huamua mambo kuliko fizikia. Umeme wa China ni volti 220, na soketi ya kawaida ya ukutani imetengenezewa ampea 10. Zidisha: wati 2,200. Hita nyingi za sketingi zinazouzwa huko ni za wati 2,000 hadi 2,200, yaani zinaifikisha soketi kwenye ukomo wake na kuiacha hapo usiku kucha. Ukiongeza ekstensheni nyembamba iliyopitishwa chini ya mkeka kwa sababu soketi iko upande usio wako, umetengeneza hita ya pili usiyoiona. Kwenye nyumba hizo soketi ya kiyoyozi huwa ya ampea 16, ila iko juu karibu na dari. Kijana alivuta waya mpya, mnene, kutoka kwenye bodi ya swichi mpaka ukuta wa nyuma, na soketi akaiweka pembeni ya mahali pa hita, si juu yake, ili waya usininginie kwenye bati la moto. Ni kazi ndogo, na katika ukarabati wote ule ndiyo niliyoiheshimu kuliko zote.

Chumba kile kingekuwa na katoni hadi darini, mabelo ya vitambaa, nywele za bandia, plastiki ya kufungia. Huko Montréal wanasema acha nafasi mbele ya hita bila kitu. Katika stoo yenye mizigo ningeacha hatua nzima. Baadhi ya hita za Kichina huuzwa zikiwa na fremu ya kuanikia nguo juu yake, na siwezi kumshauri mtu aitumie akiwa amelala. Sheria za zimamoto za China zinawakataza watu kulala, kufanya kazi na kuweka mizigo katika chumba kimoja. Wengi wetu huko tumewahi kulala juu ya mizigo yetu, na tunajua kwa nini sheria hiyo ipo.

Kuhusu kuifunga ukutani kwa skrubu, mwenye nyumba hakutaka ukuta utobolewe, na jamaa yangu mwenyewe hakuona haja. Aprili 2020, wakati wa Uviko-19, Waafrika wengi Guangzhou walitolewa kwenye nyumba na hoteli zao, wengine wakalala nje na kodi wameshalipa. Aliyeshuhudia hayo hafungi kitu ukutani kwa urahisi. Ananunua kinachochomolewa na kubebwa. Nimesoma maelekezo mengi ya mafundi juu ya mahali pa kuweka hita, na yote yanachukulia kwamba mwenye chumba atakuwepo majira ya baridi yajayo. Mpangaji mgeni anauliza swali jingine kabla ya lile la dirisha na ukuta, na kwa bahati jibu lake, hita ya kusogezwa, ndilo pia jibu la upepo unaogeuka.

Basi hita ile ikatolewa kwenye boksi na kulazwa chini ya dirisha kwa Januari, na soketi yake ya Machi ikisubiri upande wa pili. Meza ilirudishwa katikati. Bosi alilalamika kwamba anasikia joto mgongoni tu, siyo mikononi, na hilo ni kweli: anayetaka mikono yake ipate moto hakununua chombo sahihi. Hita ya sketingi inahudumia chumba, na wewe unapata kilichobaki. Kwa watu wa mafiga hiyo ni adabu ngeni. Mimi imenichukua muda kuikubali, na bado nikiwa peke yangu huivuta karibu na miguu.

Ila nisimwache msomaji akimbilie dukani. Hita ya umeme haipotezi kitu: uniti moja ya umeme inatoa uniti moja ya joto. Kiyoyozi chenye uwezo wa kupasha, kwa umeme uleule, kinaweza kukuletea joto mara tatu ya hapo, kwa kuwa kinalihamisha kutoka nje badala ya kulitengeneza. Shida ni kwamba viyoyozi vingi vya zamani vya Guangzhou hupoza tu. Hita ya wati 2,000 ikiwaka saa 8 inakula uniti 16, na kwa bei ya nyumbani ya Guangdong, yuan 0.6 hivi kwa uniti, ni karibu yuan 10 kwa usiku, kabla mwenye nyumba hajaongeza chake. Machi, ukuta wenye mlima mzima nyuma yake utalimeza joto hilo usiku hadi usiku bila kushiba. Ukipangishwa chumba kilichozama Guangzhou na pesa ikatosha chombo kimoja tu, funga dirisha, nunua mashine ya kukausha hewa, na hita iache dukani.